Hesabu Meno Kabla ya Kulipa: Kuchagua Gia za Baiskeli ya Safari



Tumekusudia leo kuzungumza nanyi juu ya sehemu moja tu ya baiskeli, nayo ni gia. Huenda mtu akauliza kwa nini ofisi inayoshughulikia masilahi ya mnunuzi ijisumbue na jambo dogo kama idadi ya meno ya spoketi. Sababu ni kwamba mnunuzi wa baiskeli ya kwendea sokoni anaweza kukosea gia na asijue maisha yake yote. Lakini anayenunua baiskeli ya kusafiria, siku tano au kumi njiani, akiwa na hema, sufuria, nguo na maji juu ya keria, hawezi kukosea akasalimika. Mlima wa kwanza utamwambia.

Malalamiko ya namna hii yana sura moja. Mtu ameweka akiba kwa miezi mingi, amenunua baiskeli inayong'aa yenye maandishi ya "gia 21" ubavuni, amefunga mizigo, ameondoka. Siku ya pili amefika mlimani, ameweka gia nyepesi kuliko zote, na bado amelazimika kushuka na kusukuma. Arudipo kwa muuzaji huambiwa kwamba baiskeli ni nzima, wala hakuna kilichovunjika. Na hapo muuzaji husema kweli. Kwetu sisi kesi hiyo ni ngumu, kwa maana sheria humlinda mnunuzi dhidi ya bidhaa mbovu na dhidi ya maneno ya kupotosha, lakini ni nadra kumlinda dhidi ya bidhaa nzima isiyofaa kwa kazi aliyoikusudia moyoni bila kuitamka. Ndiyo maana tunapendelea kuzungumza kabla fedha haijatoka mfukoni.

Tuanze na hiyo namba 21. Maana yake ni kwamba mbele, penye pedali, pana spoketi tatu, na nyuma, kwenye friwili, pana spoketi saba. Tatu mara saba ni ishirini na moja. Namba hiyo haisemi lolote juu ya wepesi wa gia iliyo nyepesi, wala uzito wa ile iliyo nzito. Ni sawa na kuambiwa kwamba nyumba ina ngazi ishirini na moja bila kuambiwa inapanda hadi ghorofa ya ngapi. Tena, si zote 21 ni tofauti. Chukueni baiskeli moja ya bei nafuu ambayo huonekana sana madukani: mbele ina meno 48, 38 na 28, nyuma ina 14, 16, 18, 20, 22, 24 na 28. Mnyororo ukiwa kwenye 28 mbele na 14 nyuma, gurudumu huzunguka mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa pedali. Ukiwa kwenye 48 mbele na 24 nyuma, gurudumu huzunguka mara mbili vilevile. Hizo ni gia mbili katika hesabu ya muuzaji, na ni gia moja miguuni mwa mwendeshaji. Zaidi ya hayo, kuna gia ambazo hazifai kutumiwa kwa muda mrefu, yaani ile ya spoketi kubwa mbele na kubwa nyuma, na ile ya ndogo mbele na ndogo nyuma, kwa kuwa mnyororo hukaa upande na kulika upesi. Ukiondoa hizo na zile zinazorudiana, zinazobaki ni chache kuliko tangazo lilivyoahidi.

Basi tupime kwa kipimo gani? Sisi hupendekeza kipimo ambacho mtu yeyote anaweza kukipata kwa chaki na futi kamba, nacho tutakiita hatua ya baiskeli: ni umbali ambao baiskeli husogea pedali ikizunguka mara moja. Weka alama ya chaki kwenye tairi ya nyuma pale inapogusa ardhi, sogeza baiskeli hadi alama irudi chini, kisha pima umbali huo. Kwa tairi nene ya inchi 26 utapata kiasi cha mita 2.05, kwa gurudumu kubwa lenye tairi nyembamba la baiskeli za mashindano utapata mita 2.1 na kidogo; na kwa ile baiskeli yetu kubwa ya inchi 28 utapata kama mita 2.2. Kisha gawanya meno ya mbele kwa meno ya nyuma, uzidishe kwa umbali huo. Hiyo ndiyo hatua.

Faida ya kipimo hiki ni kwamba hutoa na mwendo papo hapo. Mtu akizungusha pedali mara 60 kwa dakika, yaani mara moja kwa sekunde, hatua ya mita 2 ni mwendo wa mita 2 kwa sekunde, ambao ni kilomita 7.2 kwa saa.

Sasa tuitazame baiskeli ambayo wengi wetu tuliikuta nyumbani: ile nyeusi, nzito, yenye spoketi moja mbele na moja nyuma, mathalani meno 44 kwa 18. Hatua yake ni kama mita 5.4. Katika nchi tambarare, kwenye barabara za Shinyanga au Tabora, hatua hiyo ni nzuri sana. Wala hatumcheki mtu anayebeba magunia mawili ya mkaa kwa baiskeli hiyo, kwani ametatua tatizo lake kwa gharama ndogo na kwa chombo ambacho kila fundi anakijua. Lakini akifika kwenye mwinuko hushuka akasukuma, naye huona jambo hilo kuwa la kawaida. Msafiri wa siku kumi anapotaka kupanda bila kushuka, hesabu hubadilika.

Tuifanye hesabu hiyo. Tuseme mwendeshaji ana kilo 75, baiskeli kilo 15, na mizigo kilo 25. Jumla ni kilo 115. Tuseme barabara inapanda mita 8 kwa kila mita 100 za mwendo, mwinuko ambao katika barabara zetu za milimani si wa ajabu. Nguvu inayovuta msafara huo nyuma, pamoja na msuguano wa matairi, ni kiasi cha kuinua kilo 10. Hazionekani nyingi. Lakini mguu unapozunguka duara moja la pedali husafiri kama mita 1.07 tu, ilhali baiskeli imesogea mita 5.4. Kwa hiyo mguu hulipa tofauti: hapana budi ukanyage kwa wastani wa kilo 52 katika mzunguko mzima. Na kwa kuwa pedali ikiwa juu kabisa au chini kabisa haisukumiki vizuri, pale katikati lazima mkanyago upande hadi kilo 80 na zaidi. Huyo mwendeshaji wa kilo 75 akisimama juu ya pedali kwa uzito wake wote, hautoshi. Itambidi avute na usukani kwa mikono. Msimwite mvivu akishuka.

Kwa ile baiskeli ya gia 21 tuliyoitaja, gia nyepesi kuliko zote ni meno 28 mbele kwa 28 nyuma. Hatua yake ni mita 2.05, na wastani wa mkanyago ni kama kilo 20. Hapo mtu hupanda, lakini kwa taabu, kwa sababu akizungusha mara 60 kwa dakika atahitaji kutoa nguvu ya wati zaidi ya 200, na mtu wa kawaida mwenye afya, aliyezoea baiskeli, huweza kutoa wati 100 hadi 150 kwa saa nzima. Ataipunguza kasi ya miguu hadi mizunguko 40. Atasonga, kila mzunguko ukiwa mzito kama kupanda ngazi na mtoto mgongoni. Dakika kumi za hali hiyo hazimdhuru mtu. Saa mbili kwa siku, siku baada ya siku, ndizo zinazoleta maumivu ya magoti ambayo wasafiri wengi hudhani yametokana na kimo cha kiti peke yake.

Na baiskeli ya milimani yenye meno 44, 32 na 22 mbele, na friwili au kaseti inayofika meno 34 nyuma? Gia yake nyepesi ni 22 kwa 34. Hatua ni mita 1.33, mkanyago ni kilo 13 kwa wastani, na wati zinazotakiwa kwa mizunguko 60 ni kama 135. Mtu yuleyule, mzigo uleule na mlima uleule. Lakini huyu anapanda akiwa ameketi, na akifika juu bado anaweza kuzungumza.

Wapo watakaosema kwamba mwendo huo ni kilomita 4.8 kwa saa tu, na mtu anayetembea kwa miguu angeenda vivyo hivyo. Ni kweli, lakini anayetembea hasukumi chombo cha kilo 40 kwa mikono huku pedali ikimgonga muundi. Hata hivyo hoja hiyo inatuonyesha mpaka: chini ya kilomita nne au tano kwa saa baiskeli huanza kuyumba na mwendeshaji hushindwa kuishika njia, jambo la hatari penye malori. Kwa hiyo hatuoni faida kubwa ya kutafuta hatua iliyo fupi kuliko mita 1.3.

Maoni yetu, basi, ni haya. Kwa msafiri mwenye mizigo ya kilo 15 au zaidi, katika nchi yenye milima, gia nyepesi iwe na hatua kati ya mita 1.3 na 1.7. Kwa anayesafiri na mfuko mdogo tu, mita 2 hadi 2.3 zitamtosha. Anayebaki pwani, tuseme kati ya Bagamoyo na Pangani, anaweza kuridhika na hatua ndefu zaidi na akatumia fedha yake kwa matairi mazuri, ambayo kwenye mchanga yatamfaa kuliko gia.

Kwa wanaoijua barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto, mfano huu hauhitaji maelezo marefu. Ni mwendo wa kilomita 33 hivi, na kutoka chini hadi mjini mtu hupanda takriban mita 1,000. Ukigawanya utapata wastani wa mita tatu kwa kila mia, na anayesoma ramani nyumbani anaweza kusema kwamba hilo si kitu. Lakini wastani hudanganya. Barabara ina vipande vya kupumulia na vipande vinavyopanda vikali baada ya kona, na gia huchaguliwa kwa ajili ya kipande kilicho kikali, wala si kwa ajili ya wastani. Vivyo hivyo Kitonga, kwa aendaye Iringa kutoka Ruaha Mbuyuni. Na pale tunaongeza tahadhari nyingine, kwamba kona ni kali, malori ni mengi, na anayerudi chini na mizigo anahitaji breki nzuri kuliko anavyohitaji gia yoyote.

Ama kuhusu gia nzito, ambayo ndiyo wauzaji hupenda kuisifu, tunasema kwa ufupi. Meno 44 mbele kwa 14 nyuma, kwa gurudumu la inchi 26, hutoa hatua ya mita 6.4. Miguu ikizunguka mara 90 kwa dakika, huo ni mwendo wa kilomita karibu 35 kwa saa. Msafiri mwenye kilo 25 nyuma hana haja ya kukanyaga zaidi ya hapo; barabara ikishuka, aache kukanyaga, apumzike. Kulipia meno 48 au 50 ya mbele ni kulipia kitu ambacho utakitumia mara chache, na kwa kufanya hivyo unaweza kukikosa kile utakachokihitaji kila siku.

Hapa ndipo penye mtego wa baiskeli za mashindano za mtumba. Ni nyepesi, zinapendeza, na baadhi zimetengenezwa kwa ustadi mkubwa. Lakini gia zake zilipangwa kwa kijana mwenye mazoezi asiyebeba chochote. Baiskeli yenye meno 50 na 34 mbele, na 28 kwa spoketi kubwa ya nyuma, ina hatua fupi ya mita 2.6, za zamani zaidi, zenye 39 mbele na 25 nyuma, zina mita 3.3. Ukiifungia mizigo unanunua mateso. Aghalabu hata matundu ya kufungia keria huwa hayapo.

Inafaa kukumbuka kwamba fahari ya gia nzito si jambo jipya. Huko Ufaransa, mwanzoni mwa karne iliyopita, alikuwako Paul de Vivie wa mji wa Saint-Étienne, aliyejulikana zaidi kwa jina la kalamu Vélocio, ambaye kwa miaka mingi alihubiri kwamba msafiri anahitaji gia zaidi ya moja ili apande milima bila kujiumiza. Wakati huo wapenda mashindano waliona kwamba gia za kubadilisha zinafaa wazee na wadhaifu. Mashindano ya Tour de France hayakuruhusu kifaa cha kuhamisha mnyororo hadi mwaka 1937, miaka saba baada ya yeye kufariki. Tunayasimulia haya kwa sababu hata leo tunakutana na vijana madukani wanaoona haya kuulizia gia nyepesi mbele ya wenzao.

Tumekwisha kusema kile cha kutafuta. Sasa tuseme kile cha kufanya kwa aliyekwisha kununua, kwa maana si kila kosa linahitaji baiskeli mpya.

Njia ya bei nafuu ni kubadili friwili. Ile ya meno 14 hadi 28 inaweza kutolewa na kuwekwa ya 14 hadi 34, ambayo ina spoketi sita za kawaida na ya saba kubwa sana. Kwa baiskeli yetu ya mfano, hatua fupi hushuka kutoka mita 2.05 hadi 1.7, na hapo tumeingia katika kipimo tulichokitaja bila kugusa kitu kingine cha mbele. Kasoro yake ni kwamba kutoka meno 24 kuruka hadi 34 ni mruko mkubwa. Miguu hupoteza mdundo ghafla. Tunaona kwamba kasoro hiyo inavumilika, kwani spoketi ile kubwa hutumika pale tu ambapo bila yake ungeshuka.

Lakini msikubali fundi aibadilishe kabla ya kuangalia mambo mawili. La kwanza ni kifaa cha kuhamisha mnyororo, kile kinachoning'inia chini ya friwili. Kila kifaa kina kikomo cha spoketi kubwa kinayoweza kuimudu. Vile vyenye mkono mfupi, vinavyopatikana kwenye baiskeli za mashindano, aghalabu hukomea karibu na meno 28. Vyenye mkono mrefu huweza 34. Kikizidishiwa, kigurudumu chake cha juu hugongana na spoketi. La pili ni urefu wa mnyororo. Mnyororo uliotosha meno 28 unaweza kuwa mfupi kwa 34, na mtu akiweka kwa bahati mbaya spoketi kubwa ya mbele pamoja na kubwa ya nyuma, mnyororo hukaza hadi kifaa kikang'oka na kuingia kwenye spoku. Ajali hiyo huharibu gurudumu zima. Kwa hiyo mwambieni fundi apime urefu wa mnyororo ukiwa umepita kwenye spoketi kubwa zote mbili, papo hapo mkitazama.

Kubadili spoketi za mbele ni kazi nyingine. Baiskeli za bei ya juu kidogo zina spoketi zilizofungwa kwa boliti, na mtu anaweza kununua moja tu. Za bei ya chini zimepigwa ribiti. Hazitenganishwi, na ukitaka meno machache itakubidi ununue krenki nzima pamoja na spoketi zake. Angalieni jambo hili dukani. Ni kutazama kwa dakika moja, na hugeuza hesabu ya matengenezo ya miaka ijayo.

Tunaulizwa mara nyingi kama baiskeli yenye spoketi kumi, kumi na moja au kumi na mbili nyuma si bora zaidi. Kwa mtu anayesafiri ndani ya nchi yetu, sisi tunasema hapana, na tunalisema kwa uthabiti. Kadiri spoketi zinavyoongezeka ndivyo mnyororo unavyokuwa mwembamba, na mnyororo wa spoketi kumi na mbili hauwezi kupachikwa ovyo kwenye baiskeli ya spoketi saba. Ukikatika mbali na miji mikubwa utangoja gari la mizigo likurudishe. Mnyororo wa spoketi sita, saba au nane ni mmoja, na vipuri vyake huuzwa hata katika maduka madogo. Kinyume chake, kuna ubaya mmoja wa friwili ya kufungwa kwa nyuzi ambao haki inatutaka tuutaje: upande wa kulia mhimili wa gurudumu hubaki mrefu bila kushikwa na gololi, na kwa mizigo mizito na barabara mbovu hupinda au kuvunjika. Habu ya kaseti huushika mhimili karibu zaidi na mwisho wake. Mwenye kubeba kilo 30 na zaidi, na akapata baiskeli ya spoketi nane za kaseti kwa bei anayoimudu, aichukue hiyo.

Ziko pia zile zenye gia ndani ya habu ya nyuma, zisizoonekana. Wazee wetu waliziona kwenye baiskeli za Kiingereza zenye habu ya Sturmey-Archer ya gia tatu. Leo huja na mtumba. Hazichafuki kwa vumbi, nazo huvumilia uzembe. Ile maarufu ya Kiingereza hufanya kazi hivi: gia ya kati huzungusha gurudumu sawa na spoketi, ya chini huzungusha robo tatu yake, na ya juu huongeza theluthi moja. Hapo utaona kwamba masafa yake ni madogo. Ikiwa gia ya kati ina hatua ya mita 4.8, ile nyepesi ni mita 3.6, ambayo haitoshi mlima wenye mizigo. Lakini mafundi wanaweza kuweka spoketi kubwa zaidi nyuma, zote tatu zikashuka pamoja: ya kati ikiwa mita 3.4, nyepesi inakuwa mita 2.55 na nzito mita 4.5. Kwa msafiri mpole asiye na haraka, katika nchi ya vilima vidogo, huo ni mpango mzuri na wa kudumu.

Kwa baiskeli yoyote ya mtumba, pimeni mnyororo kabla ya kupatana bei. Chukueni rula ya inchi. Kati ya kipini kimoja na kipini cha ishirini na nne kinachokifuata, mnyororo mpya hupima inchi 12 kamili. Ukizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, umechoka na utahitaji kubadilishwa. Ukizidi kwa sehemu moja ya nane, basi spoketi nazo zimelika, na mnyororo mpya utaruka juu yake mara tu mtakapokanyaga kwa nguvu mlimani. Hapo bei ya haki ni bei ya baiskeli ukitoa mnyororo, friwili na pengine spoketi za mbele. Muuzaji mwaminifu hatakasirika mkimpimia mbele ya macho yake.

Halafu inueni gurudumu la nyuma, mtu mwingine azungushe pedali, mpitishe mnyororo kwenye spoketi zote, mbele na nyuma, kupanda na kushuka. Msikubali maneno kwamba "itakaa sawa ukiitumia." Mara nyingine ni waya tu uliolegea, na fundi ataukaza kwa dakika tano, basi aukaze hapo hapo. Mara nyingine ni kipande kilichopinda, na hicho hakinyooki chenyewe. Mwisho wa yote, iombeni kwa dakika chache na muipeleke kwenye mwinuko wowote ulio karibu, hata kama ni daraja la waenda kwa miguu, mkiwa na mzigo mgongoni.

Limebaki suala la maandishi. Mnunuzi anapoingia dukani, aseme kwa sauti kazi anayoikusudia: "Nataka baiskeli ya kusafiri milimani na mizigo ya kilo 25." Kisha, akikubaliana na muuzaji, aombe risiti iandikwe zaidi ya neno baiskeli. Iandikwe meno ya mbele, kwa mfano 42, 34, 24. Iandikwe meno ya nyuma, kwa mfano 14 hadi 34. Na ikiwa muuzaji ameahidi kwamba inafaa kusafiria na mizigo, hilo nalo liandikwe. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi, lakini ahadi ya mdomo ni vigumu kuithibitisha baada ya miezi miwili, wakati muuzaji aliyeitoa ameshahamia duka lingine. Tumeona pia baiskeli iliyoonyeshwa dukani ikiwa na friwili ya meno 34, na ile iliyotolewa stoo ndani ya boksi ikiwa na ya 28. Rangi ni ileile, jina ni lilelile, na mnunuzi hakugundua hadi alipofika mlimani. Hesabuni meno ya ile mnayoondoka nayo, si ya ile iliyotundikwa ukutani. Spoketi nyingi zimechapwa namba ubavuni, na ambayo haina namba huhesabiwa kwa kuweka alama ya chaki kwenye jino la kwanza. Ikiwa hesabu haiafikiani na risiti, msiitoe baiskeli nje ya duka. Na kama muuzaji anakataa kuibadilisha, njooni ofisini kwetu na risiti hiyo, pamoja na picha ya spoketi ikiwa simu yenu inaweza kuipiga.